Hadithi Ni Mali ya Nani?

Jioni, kazi za shamba zikiisha, watu huketi pamoja penye moto. Mzee akianza kusimulia, watoto hunyamaza, na wazee wenzake husikiliza kwa masikio mawili: sikio moja la furaha, na sikio la pili la hukumu. Maana mzee akipotosha jina la mtu, au akisema mto ulifurika mwaka usio wake, hapana budi mmoja atamkatiza: «Sivyo, ndugu yangu, mambo hayakuwa hivyo.» Mzee atakubali au atabisha, lakini hawezi kulikimbia jibu, kwa sababu watu anaowasimulia habari zao wameketi mbele yake.

Lakini yuko msimulizi wa namna nyingine. Huyu huondoka kijijini, huenda nchi ya mbali, na huko huwasimulia wageni habari za watu wa kwao. Wageni hufurahi, humpa chakula na sifa. Hapana hata mmoja awezaye kumwambia, «Sivyo.» Nao watu wa kwao, waliolima na kulia na kuzika katika hadithi ile, hawajui hata kama wamesimuliwa. Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo.

Hapo lazuka swali ambalo yafaa kila mtu mwenye akili alifikiri, na hasa mtu anayejifunza kusoma na kuandika. Maana siku moja yeye mwenyewe atashika kalamu na kuandika habari za wengine. Swali ni hili: hadithi ya watu ni mali ya nani? Je, ni mali ya yule ajuaye kuisimulia vizuri, au ni mali ya wale walioiishi?

Mwafrika mmoja alihangaika na swali hili muda wa maisha yake yote. Jina lake Ousmane Sembène. Alikuwa mchukuzi wa mizigo, kisha mwandishi wa vitabu, kisha mwongozaji wa sinema. Hakuwa Mkristo. Alizaliwa katika jamaa ya Waislamu, na katika kazi zake aliwakemea bila haya watu waliotumia dini, yo yote ile, kwa faida ya matumbo yao. Lakini swali lake ni la watu wote, na majibu yake yastahili kupimwa.

1. Mchukuzi aliyesoma vitabu

Sembène alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor, kusini ya Senegal, nchi ya Afrika ya Magharibi iliyo pwani ya bahari. Wakati ule Senegal ilitawaliwa na Ufaransa. Baba yake alikuwa mvuvi. Shuleni hakukaa sana: aligombana na mwalimu mkuu, akafukuzwa. Akaenda Dakar, mji mkubwa, akafanya kazi za mikono, na uashi mmojawapo. Katika Vita Kuu ya pili aliingizwa katika jeshi la Wafaransa. Vita vilipokwisha alivuka bahari hata Marseille, bandari kubwa ya kusini ya Ufaransa, na huko akachukua mizigo ya meli muda wa miaka kama kumi.

Kazi hiyo ilimvunja mgongo, wala si kwa mfano wa maneno tu: aliumia uti wa mgongo, ikampasa kulala na kungoja apone. Lakini chama cha wafanyakazi wa bandari kilikuwa na maktaba, na mtu huyu aliyefukuzwa shule alijifundisha kwa kusoma. Aliposoma, aliona jambo moja: habari za Afrika zilikuwa nyingi vitabuni, lakini aliyezisema alikuwa karibu siku zote mtu mwingine. Wachukuzi wa bandarini, wenzake, hawakuwamo. Wanawake wa sokoni hawakuwamo. Basi akashika kalamu mwenyewe. Mwaka 1956 kilitoka kitabu chake cha kwanza, «Le Docker noir», yaani mchukuzi mweusi wa bandarini.

Mwaka 1960 kilitoka kingine, kilichomletea sifa kubwa, «Les Bouts de bois de Dieu». Kitabu hiki chasimulia mgomo wa kweli: wafanyakazi wa reli itokayo Dakar kwenda Bamako na mto Niger waliacha kazi toka Oktoba 1947 hata Machi 1948, wakidai haki sawa na wenzao Wazungu. Katika kitabu, wanawake wa mji wa Thiès watembea kwa miguu mpaka Dakar, wenye njaa na watoto mgongoni, ili waume zao wasishindwe.

Kitabu kilisifiwa. Kilisomwa Ulaya. Hapo ndipo mashaka yalipomshika mwandishi: wanawake wa namna ile, je, watakisoma lini? Kilikuwa kimeandikwa kwa Kifaransa, na wao hawakujua Kifaransa. Kilikuwa kimepigwa chapa kwa herufi, na wao hawakufundishwa herufi. Hadithi yao ilikuwa imeondoka kwao kama mzigo melini, ikauzwa ng'ambo, wala wao hawakuonja hata punje.

2. Wazo lililozaliwa mtoni

Mwaka ule wa 1960 nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, Senegal na Kongo zikiwa miongoni mwao. Sembène alirudi Afrika, akaanza kusafiri nchi kwa nchi ili alione tena bara alilokuwa mbali nalo miaka mingi. Tembea uone, husema watu. Alifika hata Kongo, katika siku zile za fadhaa za mwanzo wa uhuru. Na kama alivyosimulia yeye mwenyewe baadaye, wazo la kutengeneza sinema lilimshika huko, katika mto Kongo, alipokuwa akitazama nchi na watu.

Aujuaye mto ule hatashangaa. Maji ni mapana hata ng'ambo yaonekana kama wingu. Mitumbwi huikimbilia meli, wanawake huinua samaki na ndizi juu, watoto hupiga kelele, sauti za lugha nyingi huchanganyika. Mwandishi ataandika: «Mitumbwi ilikuja.» Maneno haya ni kweli, lakini asiyejua kusoma hayapati, na ajuaye kusoma hayasikii makelele. Picha zinazotembea na kusema humfikia hata bibi kizee asiyewahi kushika kalamu. Macho hayahitaji cheti cha shule.

Basi Sembène aliamua kujifunza kazi mpya. Mwaka 1962, naye akikaribia miaka arobaini, mwenye vitabu vyenye sifa, alikwenda Moscow, katika Urusi, akaketi tena kama mwanafunzi chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Yafaa jambo hili likumbukwe na watu wazima wanaoona haya kuketi benchi moja na watoto. Mtu huyu hakuona haya. Wala hakuwalaumu watu wa kwao kwa kutosoma vitabu vyake. Alihesabu ya kwamba kosa, kama lipo, ni la mzigo usiofika, si la mwenye nyumba aliyekuwa akiungoja.

Aliporudi alitengeneza filamu fupi ya dakika kama ishirini, «Borom Sarret», ya mwaka 1963. Ni habari ya mtu maskini wa Dakar mwenye mkokoteni unaovutwa na farasi. Toka asubuhi huchukua watu na mizigo, na wengi hawamlipi. Mara atokea mwimbaji wa sifa, mmoja wa wale ambao katika Afrika ya Magharibi kazi yao ni kuhifadhi habari za koo na kuziimba. Amwimbia habari za mababu zake waliokuwa mashujaa. Moyo wa maskini wavimba kwa furaha, naye ampa fedha yote aliyoipata. Mchana mtu aliyevaa vizuri amwomba ampeleke mtaa wa matajiri, ambako mikokoteni imekatazwa. Polisi amkamata, mkokoteni wachukuliwa, na medali yake ya zamani ikianguka chini, polisi aikanyaga kwa kiatu. Maskini arudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe ampa mtoto amshike, amwambia ya kwamba jioni watakula, kisha atoka nje. Hadithi yaisha hapo, na mtazamaji aachwa na uchungu wake.

Msomaji amwangalie vizuri yule mwimbaji. Yeye pia alimrudishia maskini hadithi yake, hadithi ya ukoo wake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe. Hata hivyo alimwibia. Basi kumpa mtu hadithi yake si kumsifu tu. Hadithi tamu inayomfanya mtu asahau njaa ya wanawe ni kama pombe: huipokea kwa furaha, huilipa kwa machozi. Deni la msimulizi lina sehemu mbili: hadithi iwafikie wenyewe, na iwe kweli.

3. Barua iliyopasuliwa

Mwaka 1966 Sembène alitoa filamu ndefu zaidi, «La Noire de…». Chanzo chake kilikuwa habari fupi ya gazeti la Ufaransa, mistari michache tu, juu ya mtumishi mwanamke Mwafrika aliyejiua katika nyumba ya mabwana zake. Gazeti lilisema neno lake likaendelea na mengine. Sembène hakuweza kuendelea. Aliandika kwanza hadithi fupi juu ya msichana huyo, kisha akaifanya filamu.

Katika filamu msichana aitwa Diouana. Bibi mmoja Mfaransa amwajiri Dakar awatunze watoto, na Diouana kwa furaha ampa zawadi ya kinyago. Baadaye mabwana wamwita Ufaransa, katika mji wa Antibes, penye pwani nzuri. Lakini huko watoto hawapo mara ya kwanza, na kazi yake yawa kupika, kufua na kufagia, siku kwa siku, ndani ya vyumba vichache. Pwani haioni. Wageni wamtazama kama kitu kigeni.

Siku moja barua yafika, inayotoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, na bwana amsomea. Kisha bwana achukua karatasi, aanza kuandika jibu kwa jina la Diouana, maneno anayoyatunga yeye mwenyewe, kwa maana msichana anyamaza. Labda bwana adhani anamtendea wema. Lakini Diouana aona ya kwamba maneno yale si yake. Aipasua barua.

Kitendo hicho chafundisha kuliko hotuba ndefu. Bwana hakumpiga. Hakumtukana. Alimwandikia tu barua. Lakini katika kuandika vile alimwondolea kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani neno lake. Kusema kwa niaba ya mtu, bila kumwuliza, ni namna ya kumnyamazisha. Na jambo hili latendwa mara nyingi na watu wema kuliko watu wabaya, kwa sababu mtu mbaya hajisumbui kuandika barua za watumishi.

Diouana ajiua. Mwisho bwana aenda Dakar kumrudishia mama yake kinyago na mshahara. Mama aikataa fedha. Na mtoto mmoja avaa kinyago, amfuata bwana njia yote, hatua kwa hatua, hata bwana akimbilia gari lake. Hapana aliyemtupia jiwe. Afuatwa tu na uso usiosema.

Filamu hii ilipata tuzo Ufaransa na Tunisia katika mwaka ule ule. Lakini kuna jambo la ajabu ndani yake. Diouana, asiyejua kusoma, huwaza na kuyasema ya moyoni katika filamu nzima kwa Kifaransa kizuri. Hata sauti inayosikiwa si ya mwigizaji mwenyewe bali ya mwanamke mwingine. Yule yule aliyelaumu barua ya bwana aliingia katika tanzi lile lile: naye alimwandikia Diouana maneno kwa lugha isiyokuwa yake.

4. Lugha ya mama

Mwenye haki si yule asiyekosa, bali yule aonaye kosa lake akalitengeneza. Mwaka 1968 Sembène alitoa filamu «Mandabi», iliyotoka katika kitabu chake mwenyewe «Le Mandat», na watu wake husema Kiwolofu, lugha iendayo sokoni na nyumbani katika Senegal. Filamu hii huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kusemwa kwa lugha ya Kiafrika katika Afrika ya Magharibi.

Habari yake ni nyepesi. Mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na watoto wengi, hana kazi. Mpwa wake afagiaye barabara za Paris ampelekea hawala ya posta, ile iitwayo mandati, ya faranga 25,000. Sehemu kubwa ni akiba ya kijana mwenyewe, sehemu ni ya mama yake, na kidogo ni ya mzee. Mzee aenda posta. Waomba kitambulisho. Hana. Aenda kutafuta kitambulisho: waomba cheti cha kuzaliwa. Mzee hajui siku aliyozaliwa. Majirani nao wamesikia habari ya fedha, na kila mmoja aja na shida yake. Dukani deni lapanda. Mwisho jamaa mmoja mwenye elimu ajitolea kumsaidia, achukua hawala kwa jina lake, kisha asema amenyang'anywa njiani.

Watazamaji wa Dakar walicheka, kwa maana walijiona. Mzee kama yule yuko katika kila mtaa, na dirisha la karani kama lile liko katika kila nchi. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza. Na waliposikia mzee akilalamika kwa Kiwolofu, hawakusikia habari za Waafrika. Walisikia habari za nyumbani.

Hata hivyo ukweli wote usemwe. Sinema si kitabu. Kitabu chataka karatasi na saburi. Sinema yataka mashine, taa, watu wengi na fedha nyingi. Sehemu ya fedha ya «Mandabi» ilitoka katika mfuko wa serikali ya Ufaransa, na filamu ilipigwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu. Sembène mwenyewe aliilinganisha kazi ya watengenezaji wa sinema wa Afrika na kazi ya mtu aokotaye vipisi vya sigara njiani ili apate kuvuta moja. Je, alikosa alipopokea fedha ya mgeni? Mkono mtupu haulambwi. Mtu aweza kuazima jembe la jirani bila kumpa shamba. Swali ni moja tu: baada ya kuazima, nani aamuaye kitakachopandwa? Katika «Mandabi», aliyeamua ni Sembène.

5. Mashaka mawili

Watu wenye akili wameleta mashaka juu ya njia hii, na mashaka yao si ya kudharauliwa.

Shaka la kwanza ni hili: picha humfanya mtu mvivu. Msomaji hulazimika kufikiri, kurudi nyuma, kupima neno. Mtazamaji huketi gizani na kumeza. Je, si afadhali watu wote wafundishwe kusoma kuliko kupewa picha?

Neno hili lina kweli ndani yake, na Sembène hakulikana. Alipenda uandishi kuliko sinema, akaendelea kuandika vitabu. Lakini yafaa kuangalia tofauti. Kusema, «Watu wajifunze kusoma,» ni neno jema. Kusema, «Mpaka watakapojifunza, tusiwaambie habari zao wenyewe,» ni neno baya. Mama hamnyimi mtoto chakula kwa sababu hajajua kushika kijiko. Wala si kila picha huleta uvivu. Mtu aliyemwona mke wa mwenye mkokoteni akitoka mlangoni jioni, bila kuambiwa aenda wapi, atafikiri usiku kucha.

Shaka la pili ni zito zaidi: msimulizi huyu huianika aibu ya nyumba yake mbele ya watu. Katika filamu zake hakuwalaumu Wazungu tu. Aliwalaumu Waafrika matajiri wa siku za uhuru, wazee wadanganyifu, makarani wala rushwa, viongozi wa dini. Filamu «Xala», ya mwaka 1975, iliyomcheka mfanya biashara mwenye kiburi, ilikatwa sehemu kadhaa na wakaguzi wa serikali ya Senegal kabla ya kuonyeshwa. «Ceddo», ya mwaka 1977, ilikatazwa kabisa katika Senegal kwa miaka, na sababu iliyotangazwa ilikuwa namna ya kuandika jina lake, herufi d moja au mbili. Watu walisema: mtoto mwema husitiri utupu wa baba yake.

Ni kweli kwamba heshima ya nyumba ni kitu kitakatifu. Lakini wahenga walisema pia: Mficha maradhi kifo humuumbua. Ndipo yapasa kupambanua. Mtu amsimuliaye baba yake maovu kwa wageni ili wageni wacheke, huyo ni msaliti. Mtu amwambiaye baba yake mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya ndugu wote, ili nyumba ipone, huyo ni mtoto. Maneno yaweza kuwa yale yale; kinachoyatofautisha ni nani aliyeketi kusikiliza. Kwa sababu hii lugha ya «Mandabi» si jambo dogo la ufundi. Ni jambo la haki. Lawama iliyosemwa kwa Kifaransa tu ingekuwa mashtaka mbele ya mgeni. Iliposemwa kwa Kiwolofu ikawa baraza la nyumbani.

Wala hakuwaogopa wenye nguvu wa nje. Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, alitoa filamu «Camp de Thiaroye». Karibu na Dakar, tarehe 1 Desemba 1944, jeshi la Wafaransa liliwapiga risasi askari wake wenyewe Waafrika, waliorudi kutoka utumwa wa Wajerumani, kwa sababu walidai mshahara wao. Hesabu ya waliokufa yabishaniwa hata leo. Habari hii ilikuwa imefunikwa na kimya kirefu. Sembène alikuwa amevaa nguo za jeshi lile lile. Alisimulia kama mtu anayewazika ndugu zake kwa heshima waliyonyimwa.

Filamu nyingine, «Guelwaar», ya mwaka 1992, yawahusu Wakatoliki. Mkristo mmoja mzee, mtu maarufu wa mji wake, afa, na kwa kosa la watu wa hospitali maiti yake yazikwa katika makaburi ya Waislamu. Jamaa wadai mwili wao, Waislamu wakataa kaburi lao kufukuliwa, na karibu damu imwagike. Kidogo kidogo mtazamaji ajua ya kwamba marehemu alikuwa amesema hadharani neno moja gumu: watu wanaoishi kwa sadaka ya chakula cha wageni, mwaka hata mwaka, hupoteza heshima yao. Filamu haimpendelei padri wala imamu. Yauliza tu, mbele ya kaburi, kama watu wa mji mmoja waweza kuonana kuwa ndugu.

6. Shule ya jioni

Sembène aliiita sinema shule ya jioni. Alizichukua filamu zake akaenda nazo vijijini, akazionyesha usiku. Na picha zilipokwisha, hakuondoka. Alikaa, na watu wakasema. Wengine walisifu, wengine walibisha. Huenda mzee mmoja alisimama akasema, kama mzee wa penye moto, «Sivyo.»

Hapo ndipo jibu la swali linapoonekana. Hadithi si mali ya msimulizi peke yake, kwani hakuiumba; aliikuta imeishiwa na wengine. Wala si mali ya walioiishi peke yao kwa maana kwamba mtu mwingine asiiguse. Maana bila msimulizi ingekufa nao, kama ingekufa habari ya yule msichana wa gazeti. Hadithi ni deni. Msimulizi ameipokea kwa watu, na yampasa kuirudisha kwa watu, ikiwa na uzito wake wote, bila kuipunguza kwa hofu wala kuitia sukari kwa faida. Na alama ya kwamba deni limelipwa ni hii: wenyewe waweza kumjibu.

Filamu yake ya mwisho, «Moolaadé», ilitoka mwaka 2004, naye ana miaka 81. Ni habari ya mwanamke wa kijijini awakingaye wasichana wadogo wasitahiriwe, kinyume cha desturi. Wakubwa wa kijiji, wakiogopa, wawanyang'anya wanawake redio zao, wazirundika pamoja na kuzichoma moto. Walijua vema: mtu aliyekwisha kusikia neno hawezi tena kutosikia. Sembène alikufa Dakar tarehe 9 Juni 2007.

Si kila mtu atakayetengeneza sinema. Lakini karibu kila mtu aliyejifunza kusoma na kuandika kijijini atajiwa siku moja na jirani asiyejua. Bibi kizee ataleta karatasi na kusema, «Mwanangu, niandikie barua kwa kijana wangu aliye mjini.» Kalamu itakuwa mkononi mwa msomi, na itamwonekea rahisi kuyapamba maneno ya bibi, kuyafupisha, kuyaacha mengine kwa kuwa ni marefu au ni machungu, kuongeza mengine kwa kuwa ni mazuri. Huyo na akumbuke barua iliyopasuliwa na Diouana. Aandike alichoambiwa. Kisha, kabla ya kuifunga bahasha, amsomee mwenyewe polepole, neno kwa neno, toka mwanzo hata mwisho. Na bibi akisema, «Sivyo, mwanangu,» achukue karatasi nyingine, aanze tena.